Vidole vya Marehemu

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mmenunua mashine ya kusaga? Mimi huku ni mzima kama nondo. Juzi nimebeba gunia la viazi mpaka ghorofani, peke yangu.

Haya, wewe hudanganyiki. Vilikuwa viazi vitatu, na kimoja kilinidondoka ngazini, maana vidole vilikufa tena.

Unavikumbuka? Asubuhi za baridi, beseni la bati uani, mama katurundikia shuka za nyumba nzima. Nikitumbukiza mikono tu, vidole vinapauka kama chaki, sisikii kitu. Wewe ukasema uvivu wangu umepata pa kujificha. Ukanibandika jina Marehemu, ukawa unatangaza uani kwamba Marehemu kaaga dunia tena, leteni sanda. Halafu unanishika mikono yote miwili, unaipulizia pumzi huku unanitukana, mpaka vidole vinarudi na kuwasha kana kwamba siafu wamepita. Na shuka zangu unafua wewe. Siku moja ukaapa kwamba nikipata mtu mwenye akili zake aseme si uvivu, utanifulia shuka hata nikiwa na mvi.

Basi nimempata. Daktari ni binti mdogo, anaongea taratibu kana kwamba mtoto ni mimi. Kanieleza kuwa mishipa midogo ya damu imezungukwa na misuli. Nikamwambia hiyo ni kamba ya suruali: ukivuta inabana, ukilegeza yote yanashuka. Akacheka mpaka akavua miwani, akasema ndivyo hasa. Baridi huvuta kamba, hofu huvuta, tumbaku nayo huvuta, joto hulegeza. Kuna watu kamba yao huvutwa kupita kiasi, na mimi ni mmoja wao toka utotoni. Umesikia, Dada? Si uvivu.

Kiko changu cha tumbaku nimekiweka juu ya kabati. Tunaangaliana tu.

Lililobaki sikutaka kuliandika. Kidole cha mwisho, mkono wa kulia, hakirudi. Ncha imeanza kuwa nyeusi. Nimepewa dawa ya kulegeza kamba. Ijumaa daktari ataangalia, na kama damu haijafika, atakikata. Naogopa, Dada. Na hofu ndiyo ile ile inayovuta kamba, kwa hiyo nikizidi kuogopa nakiua mwenyewe. Jana aliniambia nifumbe macho, niwaze kitu cha kunituliza. Nikawaza beseni lile, na matusi yako. Vidole vinne vikapata joto. Cha tano kikawasha kidogo, kama siafu mmoja.

Msalimie shemeji, na wajukuu wote wanaonicheka.

Sasa, ahadi ni deni. Nina shuka moja chafu, nimeiacha makusudi. Njoo unifulie kabla ya Ijumaa. Sabuni ninayo, wewe njoo na pumzi.

Mdogo wako,
Marehemu