Nafasi Uliyoiacha Wazi Mkekani

Mama mdogo,

Tangu tukuzike, barua ambazo watu walikuwa wakikuletea wewe sasa zinaletwa kwangu. Juzi Zaituni, uliyemfundisha kuanika dagaa, alishuka kwenye boti ya Kagunga na wenzake wawili na karatasi ya Kiingereza. Kuna mradi unataka kuwajengea vichanja vipya vya kuanikia dagaa ufukweni, na walitakiwa watie dole gumba kesho yake. Sentensi moja ilijaza nusu ukurasa. Nikaisoma mara moja, nikawaambia: mnanyang'anywa ufukwe! Kichwani nilishaanza makala ya kuwararua hao watu. Unanijua.

Zaituni akanitazama. "Kaka, umesoma au umegomba? Marehemu angekuwa ameshamwaga dagaa mkekani."

Niliona aibu. Wewe uliishia darasa la saba, mimi nalala na vitabu, na nilikuwa nakucheka. Ulikuwa unaweka mkekani dagaa mkavu mmoja kwa kila aliyetajwa kwenye barua, kisha unauliza: "Huyu anafanya nini? Anamfanyia nani?" Asiyetajwa ulimwachia nafasi wazi, ukaniambia: "Usimtie mtu wako humo, wakili wa kelele. Kamuulize aliyeandika."

Basi tukawapanga. Mradi, huyu hapa, anajenga. Kina mama, hawa hapa, wanatoa eneo. Vichanja vikiisha kujengwa, vitasimamiwa. Na nani? Karatasi nzima haikusema. Nafasi ikabaki wazi, mama mdogo, na aliyekuwa ametia mnyang'anyi humo kwa hasira ni mimi.

Tukaenda ofisi ya mradi, Kigoma mjini. Afisa akasoma mara tatu, akajifuta jasho. "Kusema kweli, hilo hata sisi hatujaamua."

Miaka yote nimepigana na Kiingereza cha aina hiyo nikiamini nyuma yake kuna mtu anayejua. Kumbe palikuwa na shimo tu, na wewe ulikuwa unaliona kwa dagaa!

Zaituni akamsogezea kalamu. "Kama hamjaamua, andika sisi. Kwa Kiswahili." Afisa akaandika: vichanja vitasimamiwa na kina mama wa Kagunga. Zaituni na wenzake wakasubiri mkubwa wa afisa aweke sahihi na mhuri. Ndipo wakatia dole gumba.

Wale dagaa nimewahifadhi kwenye kopo, juu ya kamusi, mahali panapowastahili.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi kwamba kabla ya kupiga kelele nitawapanga kwanza. Kelele zenyewe usiniombe niziache.

Wakili wako