Mwanamieleka Asiyeinua Miguu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo kutoka Jeddah. Joto la huku linanata mwilini, ila mimi mzima.

Uliponiambia mwanangu Zuhura ametolewa plasta na daktari kasema mguu umepona, nilifurahi. Lakini kwamba anaogopa kukanyaga, anataka kubebwa tu, hilo limenikaa rohoni.

Asubuhi mama yake bosi, ninayempikia na kumwogesha, tunayemwita Haja, huniita tutazame sumo kwenye TV, ile mieleka ya Wajapani wanene. Kipenzi chake ndiye mdogo wa mwili kuliko wote. Aliwahi kuumia goti, akashushwa mpaka kwa wale wanaowapikia wakubwa na kuwasugua migongo. Nikamwambia, "Kama mimi hapa!" Haja akacheka mpaka akamwaga chai. Sasa amepanda tena, goti bado lina bendeji.

Leo alipewa jitu zima. Nikasema, "Huyu halas, amekwisha."

"Wewe unatazama matumbo," Haja akanijibu. "Tazama miguu."

Kumbe haiinui! Anaiburuta chini polepole, ameng'ang'ania mkanda wa mwenzake. Ghafla akazungusha kiuno, jitu likalala chali.

Basi mama, usimbebe Zuhura. Jifunge leso kiunoni, aishike kwa mikono miwili, nawe urudi kinyumenyume huku akiburuta miguu sebuleni. Kuinua kutakuja. Akichoka, mpe kaimati. Mwambie nikirudi anisubiri mlangoni, anisukume mpaka nianguke mimi.

Nawakumbatia wote wawili kwa pamoja,
Mwanao Mwanasha