Nimeenda Kujichagulia Chumba

Mwanangu na mkwe wangu,

Maharage yapo jikoni, yapasheni tu. Paka ameshakula, asiwadanganye.

Sasa nisikilizeni. Wiki nzima mnanong'onezana kuhusu ile nyumba ya kutunzia wazee, kana kwamba masikio yangu nayo yamestaafu. Iliniuma, siwafichi. Basi leo asubuhi, mlipoenda kazini, nilikwenda huko bila taarifa, nikaketi sebuleni kama mgeni wa mtu.

Chai yao ni maji ya moto yaliyotiwa rangi. Hilo nitawasema. Lakini bibi mmoja aliyeketi karibu nami alijikojolea kitini, akawa anavutavuta gauni kuficha. Muuguzi alimwona. Hakupaza sauti. Alichuchumaa, akamtandikia mtandio mapajani, akamwambia, "Mama, nisindikize mara moja, nina neno na wewe." Wakatoka wameshikana mikono. Yule bibi alirudi na gauni safi, anacheka, na wenzake hawakujua kitu.

Nilichokwenda kukitazama nikawa nimekiona.

~~Nitahamia mwezi ujao.~~ Nitahamia Jumamosi hii, maana mkianza kunibembeleza nitalegea. Sasa hivi narudi huko kuchagua chumba. Nataka chenye jua la asubuhi.

Msikae mnalia mezani, maharage yatapoa. Nimeridhika, kweli.

Ila mkija kunitembelea, kumbukeni: hapa mmezoea kuingia tu chumbani kwangu. Kule mtapiga hodi, nami nikipenda nitasema karibu.

Mama