Gemu la Matofali la Baba Yako

Mjukuu wangu Asiimwe,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Nyabiyonza tu wazima, kahawa iko kwenye mikeka.

Unauliza kama gemu la mkononi la baba yako, lile la matofali yanayoanguka, bado linachezeka. Sana! Lile uliloniwekea kwenye simu limegoma kufunguka, linadai toleo jipya. Hili linadai betri tu.

Baba yako alipokuwa mdogo tulishindana, na aliyeshindwa alimenya ndizi za jioni. "Mama, unaniibia!" alilalamika huku anamenya. Kijiji kizima hakuna mtoto aliyemweza mwanangu, ila kwa mama yake alikwama.

Matofali yanaanguka vilevile, hayajazeeka. Kila jioni nashinda, mjukuu wangu, kisha ndizi namenya mwenyewe.

Bibi yako