Kijani cha Sweta za Mongina

Mshauri mpendwa, nakuandikia kutoka kitandani, pumzi zangu ni chache, nisaidie kabla hazijaisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Roret, moyo wangu umechoka na daktari hakunificha, na mwaka jana bodi ya shule iliniomba niandike mwongozo wa nembo na sare, kwa sababu kila duka liliuza kijani chake na nembo ilichorwa majani matano kama sukuma wiki, nami nikaandika kwa ukali wote kwamba nembo ni majani mawili na chipukizi, vile tunavyochuma chai, na sweta ni kijani kimoja tu cha kiwandani, asiye nayo arudishwe langoni. Sasa jirani yangu Mongina, mjane anayefuma sweta kwa mkono, zake zote zimekataliwa, na ndiye huyo huyo anayeniletea uji kila asubuhi, ananiinua, ananifuta mdomo, huku akisema, "Mwalimu, huyo aliyeandika hiyo sheria hajawahi kununua uzi hata wa kushonea kifungo!" nami nacheka naye, mshauri, nacheka, kisha uji naubakiza, kwa maana hajui ni mimi. Nikisema, naogopa kufa bila mtu wa kunishika mkono. Nikinyamaza, atanililia kaburini kama mtu mwema. Na nikilegeza sheria, fujo ya zamani si itarudi?

Johana, Roret

Mzee Johana, pole kwa moyo, na pole zaidi kwa huo uji. Lakini wewe ni mwalimu. Unamjua mtoto aliyekosea na unamjua aliyekosea akajificha chooni. Toka huko.

Hukukosea kutaka utaratibu. Nembo ndiyo uso wa shule. Hapo kaza, lisiongezwe hata jani moja. Lakini kijani cha sweta? Hata ile ya kiwandani ikifuliwa na kuanikwa muhula mmoja inapauka. Usimfukuze mtoto kwa sheria inayovunjwa na jua. Andika: sweta ya kijani, ya mkono au ya mashine, mradi nembo iwe sawa. Mwite mwalimu mkuu leo, utie sahihi ungali unaweza kushika kalamu.

Halafu Mongina. Jibu hili nimekutumia nyumbani kwanza. Gazetini litatoka Jumamosi, na Roret nzima itajua ni nani. Asilisome huko. Mwambie asubuhi, kabla ya uji, si ukishashiba. Akiondoka na kikombe chake, ni haki yake. Ila kwa vile ulivyonieleza, nadhani atakutukana vizuri kwanza, kisha atakwambia ufungue mdomo.