Kadena Yako Kwenye Tablo

Yaya Mukendi, kaka yangu wa kazi,

Sijui kama treni imekufikisha Kasai au ungali umelala kwenye stesheni fulani njiani. Nakuandikia mchana, kwenye stoo ya mafundi, mlango nimeufunga. Mi naogopa, yaya. Naogopa vijana wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani bado anaficha bilulu, yaani wadudu, jina walilowapa ninyi wenye asili ya Kasai, hata mliozaliwa hapahapa Kolwezi. Lakini leo kuna kinachoniogopesha kuliko hao.

Unakumbuka tulivyokitengeneza kile chumba cha mashine? Kampuni ilitaka umeme uliotulia, kwa ajili ya mitambo mipya ya kuunganisha kompyuta za ofisi na za mgodini. Tulizika fimbo za shaba ardhini ili umeme uliozidi uishie huko, ukapima, ukakataa, tukachimba tena. Mi nilinung'unika kwa njaa. Ukacheka: "Mudogo, machine hii iko sawa mutoto muchanga. Umeme ya kurukaruka itaiua."

Na kabla ya kugusa waya wowote, tulizima swichi kubwa ya tablo, lile kabati la umeme, kila mmoja akatia kadena yake, kufuli la kuzuia swichi isiwashwe, ufunguo akauweka mfukoni. Siku moja ulichelewa kurudi kutoka kula, nikataka kuivunja yako ili tuwahi kumaliza. Ulinikuta, ukanishika mkono. Sijawahi kukuona umekasirika vile.

"Kadena ya mwenzako habafungule. Hata chef. Mwenyewe njo anafungua. Kama haonekane, banamutafuta kwanza."

Siku vijana wale walipokuja kukutoa, ulikuwa ndani ya chumba kile. Walikupitisha uani na overoli yako, ufunguo ukiwa mfukoni. Mi nilisimama hapa kwenye mlango wa stoo. Uliniangalia, nami nikatazama chini. Aibu hiyo nalala nayo na kuamka nayo.

Kadena ikabaki kwenye tablo, pamoja na kibati chenye jina lako. Wiki nzima hakuna fundi aliyeigusa. Jana chef, mkubwa wetu wa kazi, akaniletea msumeno wa chuma, akasema mitambo inafika Ijumaa. Nikamwambia mwenyewe hajafungua.

"Mwenyewe gani? Ao na weye uko wa kule Kasai?"

Nilikata, yaya. Mafundi wote wakiangalia. Nilidhani ingechukua muda mrefu, kumbe dakika chache tu. Ndani nikaona kwa nini uliifunga: waya wa kwenda ardhini ulikuwa unaning'inia, hukupata nafasi ya kuukaza. Nimeukaza, lakini kazi iliyobaki ni nyingi, na nusu yake sijui ulikusudia kuifanyaje.

Saa nane nitaingiza mikono yote miwili katika shaba za tablo ile. Swichi nimeizima, kadena yangu nimeitia, na jina langu liko juu yake. Hapo zamani nilikuwa nikifanya kazi huku napiga mluzi. Sasa kila mara napapasa mfuko kuhakikisha ufunguo wangu upo.

Wasalimie mama na batoto. Nijibu hata neno moja, nijue uko mzima. Sikuombi unisamehe leo. Ningekuandikia zaidi, ila mlango umegongwa sasa hivi. Ni fundi wa zamu, anauliza msumeno niliuweka wapi. Na kadena iliyobaki kwenye tablo ni yangu tu.

Mudogo wako.