Kaka Kaniharibia Mwisho wa Filamu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijakosana kabisa na kaka yangu, tena kwa sababu ya filamu, usicheke, naandika hapa dukani huku mteja anasubiri mapazia yake na mimi nimeshashona upande mmoja kinyume kwa hasira.

Mimi ni fundi wa mapazia, nimo katika kikundi cha wapenzi wa filamu moja ya zamani ya kutisha, tunakutana kila Jumapili mchana chumba cha nyuma cha duka la fundi simu, na kama huijui filamu yenyewe ni ile ya mama anayeshuka chumba cha chini ya nyumba kumwokoa mwanawe, mtoto anatoka, mlango unajifunga, mama anabaki ndani na lile zimwi, taa inazimika, basi imekwisha. Sisi kazi yetu ni kujadili vipande vilivyokatwa na miisho mingine ambayo haikuonyeshwa, kwa mfano mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye katibu wetu, anashikilia kwamba kuna kipande cha mbwa kilichokatwa, maana mbwa anaingia jikoni amelowa chapachapa na nje jua linawaka, naye fundi simu anasema mbwa ni mbwa tu, wakanuniana mwezi mzima, ujue tu sisi si watu wa mchezo.

Sasa mimi pale nilikuwa mtu wa heshima zake, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyewahi kuona mwisho mwingine, ule ambao mlango unafunguka tena, mama anatoka mzima, amejaa vumbi, anamwambia mtoto, "Kanawe miguu ndipo upande kitandani," kisha anaingia jikoni, anafungua kopo na kuuliza, "Nani kala sukari yangu?" na hapo ndipo inaisha. Niliuona nikiwa darasa la kwanza, nyumbani tulikuwa na kanda hiyo moja tu, mwaka ule mama alikuwa amelazwa na baba anashinda hospitali, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na kaka, na kaka alikuwa akinifunika blanketi ikifika sehemu mbaya, yeye anatazama na kunisimulia kinachoendelea, lakini ni sawa na kuona, Mshauri, lile kopo naliona hadi leo. Niliupenda mwisho ule kwa sababu yule mama alikuwa mama yetu kabisa, hata maneno yake, mama naye alikuwa akiulizia sukari yake hivyo hivyo huku akinitazama mimi, halafu mama yetu hakurudi, ndiyo hivyo.

Wenzangu waliniamini, mwalimu akauita "mwisho wa sukari" na kuuchora ubaoni, fundi simu akauulizia kwa kila muuza kanda za zamani anayemjua, wakawa wanabishana kama kopo lile ni ishara ya amani au ya uchoyo. Jumapili iliyopita sinki la chumba kile likawa linavuja, fundi simu akaita fundi bomba, na fundi bomba ni kaka yangu. Niko mbele natoa maelezo, naonyesha kwa mikono mama anavyofungua kopo, nasikia mtu anacheka chini ya sinki, kaka anatoka na spana mkononi, anacheka hadi anashika ukuta, anasema mbele ya wote, "Hiyo? Hiyo si niliitunga mimi! Hakuna mwisho kama huo, huyu alikuwa hataki kulala!" Watu wakavunjika mbavu, katibu akafuta ubao, mimi nikatamani ardhi ipasuke. Halafu kaka mwenyewe akanyamaza ghafla, akajifuta macho kwa lile tambara lake la grisi, akasema anafuata kifaa nje, akaondoka moja kwa moja, maji bado yanamwagika na spana kaiacha juu ya sinki. Nimeichukua, nimeifungia kwenye droo ya kulabu za mapazia, na hapewi.

Tangu siku hiyo naitwa Mama Sukari. Kaka anapiga simu, sipokei. Wifi anasema Jumapili hii wanahama, kaka kapata kazi ya kulaza mabomba mji wa mbali, wameniita Jumamosi tule pamoja tuagane, nami nimesema siendi mpaka kaka asimame mbele ya kikundi aseme kwamba alitania na mwisho ule upo. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Je, nakosea? Na je, katika wasomaji wako wote hakuna mwingine aliyeuona?

Fundi Mapazia, Uso Chini

*

Fundi Mapazia,

Wahenga walisema ndugu wakigombana, wewe shika jembe ukalime. Jembe nilikuwa nimeshalishika, lakini nimefika kwenye kopo la sukari nikaliweka chini.

Kwanza fumua huo upande ulioshona kinyume, mteja hana kosa. Pili, hapana, hakuna mwingine aliyeuona, na wewe pia hukuuona. Ulikuwa chini ya blanketi! Fundi mzima, unayepima madirisha ya watu, umesimama mbele ya ubao kutoa ushahidi wa jambo ulilolitazama kwa masikio. Na hao wenzako nao! Mwalimu wa hesabu anaamini kwamba zimwi limetafuna watu tangu mwanzo wa filamu, kisha hadithi inamalizikia kwenye kopo la sukari. Wangeniuliza mimi mapema wasingemaliza chaki.

Hakuna mtunzi wa filamu za kutisha anayefunga kazi yake kwa kumwambia mtoto akanawe miguu. Anayefunga siku hivyo ni mama wa nyumbani kwenu. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba maneno yalikuwa yake, halafu ukayapita mbio ukaenda kumshtaki kaka yako.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hebu rudi kwenu mwaka ule. Baba yuko hospitali, kanda ni moja. Kila mlango ule ulipojifunga na mama akabaki ndani, wewe ulikuwa umefunikwa, unasubiri kuambiwa. Kaka yako hakufunikwa na mtu. Naye alikuwa mtoto, na huyo mama aliyelazwa alikuwa wake pia. Aliutazama mwisho wa kweli peke yake, kila mara, kisha akakugeukia na kukutolea mama yako mle chumbani, akampaka na vumbi ili uamini. Nimesoma barua nyingi za ndugu waliodanganyana, viwanja, wachumba, urithi. Huu ni uongo wa kwanza ambao ningependa na mimi nidanganywe.

Ndiyo, alikosea kucheka mbele za watu. Alimwaga mtama penye kuku wengi, na hilo mwambie usoni bila kumwonea haya. Lakini ulimwona aliponyamaza. Alidhani ulishasahau zamani, kumbe umemtunzia hadi kopo, na swali la mama yake akalisikia kinywani mwako, yeye yuko chini ya sinki la watu. Fundi bomba anayejua kazi yake haachi spana na maji yanamwagika. Alitoka mbio ili asilie mbele ya kikundi chako, nawe umeniandikia habari ya hiyo spana kana kwamba umeteka bunduki vitani.

Habari ya kuja kukusafisha mbele ya kikundi, isahau. Aseme uongo ili wewe urudishiwe cheo? Wenzako wanahangaika kutafuta vipande vilivyokatwa katika filamu ya watu. Chako wewe anacho kaka yako, na Jumapili anahama nacho.

Kwa hiyo Jumamosi unakwenda. Usitume mtu, wala usisingizie mapazia. Toa spana kwenye droo, ifute vizuri, umkabidhi mkononi. Mkimaliza kula, mwombe akusimulie mwisho ule tena, wifi yako naye akisikia. Safari hii usijifunike, mtazame usoni anaposimulia, na akikwama katikati usimharakishe. Jumapili mchana, ukishawasindikiza, nenda kikundini ukaseme wazi kwamba mwisho wa sukari ulitungwa na fundi bomba, na kwamba ni bora kuliko ule wa asili. Wakikuita Mama Sukari, itika. Kuhusu mbwa aliyelowa, mwambie katibu niko upande wake.

Na usiende kwa kaka yako mikono mitupu, beba pakiti ya sukari. Lile swali la mama yenu limekaa miaka yote hii bila jibu, na mimi na kaka yako tunajua vizuri ni nani aliyekuwa akiila. Nenda ukamjibu.

Mshauri